Klementina na Jina la Baba Mkwe

Klementina alishuka Muyobe kutoka milima ya Buha akiwa na sanduku la bati, mkeka mpya na adabu nyingi kupita kiasi. Sanduku na mkeka watu walivisahau mapema. Adabu ndiyo iliyowapa cha kuzungumza.

Kwao milimani, mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji nyumbani, halitaji kisimani, halitaji hata akiwa peke yake shambani na hakuna anayemsikia isipokuwa nyani. Mama yake alimfunza hivyo, naye alifunzwa na wa kwake, na adhabu ya kulitaja ilikuwa moja tu: kurudishwa kwenu na sanduku lako, mchana kweupe, watu wakitazama.

Muyobe kilikuwa kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, kusini mwa Ujiji. Wakazi wake wengi walikuwa wajukuu wa watu waliovuka kutoka Kongo, na mambo ya kuficha majina hawakuyajua sana. Wao ni watu wa kuitana kwa sauti, mtumbwi mmoja hadi mwingine. Lakini vijana wao walikuwa wamezoea kupanda milimani kutafuta wake, na wake hao walikuja na ya kwao. Kwa hiyo pale Muyobe palikuwa na wanawake wengi ambao midomo yao ilikuwa na kufuli.

Na hakuna aliyelifurahia kufuli hilo kama Mzee Kasongo, baba mkwe wake Klementina. Alikuwa fundi wa mitumbwi, mfupi, mcheshi, mwenye sauti inayofika mahali kabla yake.

"Kijiji kizima kinaniita Kasongo, Kasongo, kama kinamwita mbuzi aliyekata kamba," aliwaambia wavuvi. "Mtu mmoja tu ndiye anayenipa cheo. Mkamwana wangu. Mtazameni anavyonipita!"

Na kweli, Klementina alipompita aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo, Baba," wala si zaidi. Lakini msidhani ilikuwa adabu ya woga. Alimpenda mzee huyo. Alipofika Muyobe mara ya kwanza aliliogopa ziwa hata hakuthubutu kuchota maji. Mumewe Dismasi, baharia wa melini, alimcheka. Mzee hakucheka. Alimkalisha ndani ya mtumbwi ambao haujamalizika, juu ya mchanga mkavu, akawa anautikisa huku na huku na kupiga soga, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka bibi arusi akasahau kushika ukingo. Mtu wa namna hiyo utamsahau?

Sasa mzee akaanza kukohoa.

Mwanzoni alisingizia moshi. Kisha akasingizia unga wa mbao. Mkewe, Mama Margareta, mwanamke wa maneno machache, alimchemshia tangawizi na asali, naye akanywa huku akisifia asali. Mwaka ule kamati ya kijiji ilikuwa imempa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kuunda boti la wavuvi wa kijiji kizima, boti refu la kubebea nyavu na karabai. Mzee alifanya kazi tangu asubuhi, na kikohozi kilipombana aligonga nyundo kwa nguvu ili watu wasisikie. Klementina alikuja kulitambua hilo. Nyundo ikigongwa polepole, mzee yu mzima. Ikigongwa kwa hasira na hakuna msumari, mzee anakohoa.

Siku moja alikwenda kuokota maranda ya kuwashia moto chini ya boti, akakuta mengine yana damu. Aliyakusanya yote kwenye upande wa khanga, akayachoma, wala hakumwambia mtu isipokuwa mama mkwe wake. Ndani ya nyumba Feliksi, mtoto wa Klementina, alikuwa amepanda mapajani kwa babu yake akimvuta ndevu, na babu anacheka, anakohoa, anacheka.

Zahanati ya kijiji watu walikuwa wameijenga wenyewe, matofali wamechoma wenyewe, na tabibu wake alikuwa Bwana Pastory, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa kuku wanaoingia barazani. Alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba anayekohoa wiki nyingi mfululizo alete makohozi.

"Si mate!" alisema. "Makohozi! Yatoke ndani kabisa, asubuhi, kabla mtu hajasukutua. Safari iliyopita mlijaza mate, na mmoja wenu, simtaji, aliniletea uji."

Makohozi hayo Pastory aliyapaka kwenye vioo vidogo, na vioo vikapelekwa mjini Kigoma kwenye hadubini. Kioo kilichoonekana na kifua kikuu kilirudishiwa jibu, na nyuma ya jibu zilikuja dawa: sindano kila siku kwa miezi kadhaa, kisha vidonge karibu mwaka mzima.

Mzee Kasongo alisikia tangazo hilo kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. "Mimi nina unga wa mbao tu," alisema. Ukweli ni kwamba aliogopa. Nani angepanda boti lililoundwa na mtu wa kifua? Kamati ingempa kazi fundi mwingine, na yeye angekaa uani akihesabiwa miongoni mwa vyungu.

Basi wale wanawake wawili wakamfanyia ujanja. Kando ya kitanda chake palikuwa na kopo la majivu ambamo alitemea asubuhi. Alfajiri moja Mama Margareta aliliondoa, akaweka kopo safi la zahanati. Mzee aliamka, akakohoa kwa dhati, akatema, akaenda zake kazini. Jua lilipochomoza Klementina alikuwa tayari njiani, kopo amelifunika kwa jani la mgomba.

Barazani palikuwa na foleni. Nyuma yake alisimama jirani yake Regina, naye mtoto wa milimani, naye ana kopo lake.

"Jina la mgonjwa?" Pastory aliuliza bila kuinua macho.

"Ni la baba mkwe."

"Baba mkwe si jina, mama. Baba wakwe ninao kijiji kizima."

"Ni yule fundi."

"Muyobe hii hata anayeziba pakacha anajiita fundi. Jina!"

Klementina alitokwa na jasho. Watu nyuma wakaanza kuguna. Ndipo akapata wazo ambalo wakati ule alilipenda sana: dawa ikishafika nyumbani, mambo ya nani ameze ni ya nyumbani.

"Feliksi," alisema. "Feliksi Dismasi."

Pastory akaandika. Umri hakuuliza, na hapo alikosea yeye. Klementina alipogeuka kuondoka alimsikia Regina nyuma yake akitaja, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, jina la mtoto wake wa mwisho.

Siku chache baadaye Pastory alifika nyumbani kwa baiskeli, kisanduku cha sindano kimefungwa nyuma. Uso wake ulikuwa wa huzuni. Uani alimkuta Mzee Kasongo akila mgebuka na ugali wa muhogo, na Feliksi mapajani mwake, mashavu yanang'aa mawese.

"Nimemfuata mgonjwa," alisema tabibu kwa upole. "Feliksi. Ana kifua kikuu, tena kikali."

Mzee alimgeuza mtoto huku na huku. "Huyu?"

"Ndiye Feliksi Dismasi?"

"Ndiye. Amenimalizia samaki wawili tangu ufike."

Pastory alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama Pastory, akacheua. Tabibu akakifunga kisanduku chake taratibu.

"Mama Feliksi," aliita, "njoo uniambie jambo."

Klementina alitoka jikoni. "Si la mtoto," alisema. "Lilikuwa la... la Baba."

"Langu mimi?" Mzee alishangaa kweli, kwa kuwa habari za lile kopo hakuwa nazo. Kisha akaelewa, akamtupia mkewe jicho, na Mama Margareta akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mzee akafikiri haraka. "Bwana Pastory, karatasi ya serikali inasema nani?"

"Inasema Feliksi."

"Basi! Mimi ni nani hata niipinge serikali?" Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, na nyundo haikuwa karibu.

"Tema tena, Mzee, tuhakikishe."

"Mate yangu ni mali yangu. Hayajaingia kwenye ujamaa."

Mambo yangeishia hapo, na Mzee Kasongo angekufa akiwa na ushahidi wa serikali kwamba ni mzima. Lakini mjini Kigoma kulikuwa na mtu aliyeziangalia hesabu za vijiji, Bwana Selestini, mratibu wa kifua kikuu, na hesabu za Muyobe zilimnyima raha. Akapanda boti akaja.

"Ndugu zangu," aliwaambia watu waliokusanyika mbele ya zahanati, "huko kwingine wazee wanaugua, watoto wanaugua, wote wanaugua. Hapa kwenu wanaokohoa ni watoto wanaotambaa peke yao. Mzee hata mmoja hakuna! Tunaulizana kule mjini, wazee wa Muyobe wanakula nini, nasi tukakinunue?"

Watu walicheka. Wake wa milimani hawakucheka. Waliangalia vidole vya miguu yao. Selestini aliwatazama, akamtazama Pastory, na swali moja likaleta jingine mpaka jambo lote likawa peupe. Hakugomba. Alisema tu kwamba hawezi kupeleka dawa kwa namna hii, maana kijiji kingine majirani walisahihishiana majina kwa kukisia, na mtu mwenye afya akachomwa sindano za mgonjwa mpaka akawa kiziwi.

"Kwa hiyo aliyebeba kopo ndiye atakayesema lilikuwa la nani," alimaliza. "Kwa kinywa chake, hapa barazani, mbele ya tabibu. Jina kamili. Mimi naondoka kesho na boti la mchana. Dawa ambayo haijapata mwenyewe narudi nayo."

Mzee Kasongo, aliyekuwa amesimama mbele kabisa, alipiga makofi. Aliona ameokoka.

"Nisikilizeni!" alipaza sauti. "Huyu mkamwana wangu mnamjua. Mimi nasema hivi. Akilitaja jina langu mbele yenu, mimi mwenyewe nitafungua mkanda hapa hapa nichomwe, na nitachomwa kila siku mpaka Bwana Pastory achoke!"

Umati ukapiga kelele za furaha. Alisema hayo kwa fahari ya kweli, kama mtu anayeonyesha mali yake nzuri kuliko zote. Klementina alisikia uso unamwaka moto. Alimkasirikia mzee, akamwonea huruma, akataka kumkumbatia, yote kwa pamoja.

Jioni alikwenda ziwani kuosha vyombo. Maji yalikuwa yametulia, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana wazi. Alisugua sufuria moja mpaka ikakaribia kutoboka. Akinyamaza, mzee atakufa, na mtoto anayelala kifuani pake huenda akamfuata. Akisema, je? Dismasi yuko melini, hayupo wa kumtetea. Aliliwaza sanduku la bati kichwani, njia ya kupanda Buha, na mama yake mlangoni akiuliza amefanya nini.

Mama Margareta alikuja akachutama pembeni yake, akachukua sufuria mikononi mwake.

"Mimi sijamwita jina tangu anioe," alisema. "Baba Dismasi, Baba Dismasi, basi. Nilidhani ndiyo heshima." Akaisuuza sufuria. "Ukilitaja, watasema sikukufunza. Waache waseme. Nyumba ile ni yangu pia, na mimi simfukuzi mtu."

Maneno mengi kiasi hicho Klementina hakuwahi kuyasikia kutoka kwake. Wakabaki wanaosha vyombo ambavyo vilishatakata.

Asubuhi baraza lilijaa. Wavuvi hawakwenda kulala baada ya kurudi ziwani, walikuja na nyavu mabegani. Mzee Kasongo alivaa suruali yake ya kanisani na kofia, akasimama katikati akisalimia watu.

"Haya mwanangu," alimwambia Klementina kwa upole, "waamkie wakubwa, tukimaliza twende zetu nyumbani."

Selestini alikuwa amekaa kwenye benchi. Pastory alimwuliza taratibu, "Kopo ulilolibeba lilikuwa la nani?"

Klementina alivuta pumzi. Mtu mmoja nyuma alikohoa, na Mzee akaanza kutabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la mtu aliyekonda, shingo imekuwa kubwa kwa kola ya shati. Jana hakuiona ile kola. Leo aliiona.

"La Marselino Kasongo!" alisema.

Lilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Kuku wote wakatimka barazani. Kisha pakawa kimya, na katika kimya hicho Klementina alikaza macho sakafuni akingoja dunia ipasuke.

Mzee alivua kofia.

"Naam," aliitika.

Aliitika kama kijana anayeitwa na mkubwa wake, kichwa kimeinama, kofia kifuani. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa maji.

"Mnaniita kila siku," aliwaambia watu. "Kasongo, mtumbwi unavuja. Kasongo, njoo uzibe kwa kalafati. Kasongo, nitakulipa kesho. Nani kati yenu amewahi kuniita kwa sababu anataka niishi?"

Mama Margareta alikuwa analia waziwazi, naye si mtu wa kulia. Mzee akavaa kofia yake tena, akageuka, akashika mkanda wa suruali.

"Haya, Bwana Pastory. Mimi ni mtu wa neno langu."

"Mawe!" alipiga yowe Regina, akimwita mama yake kwa lugha ya milimani, na wanawake wakatawanyika kwa vicheko, wamejifunika nyuso kwa khanga.

"Ndani, Mzee!" tabibu alimkimbilia. "Ndani, ndani!"

Kilio cha mzee alipochomwa kilisikika mpaka ziwani. Wavuvi walisema nyundo yake haijawahi kutoa mlio ule.

Baada ya hapo foleni ikajipanga yenyewe. Regina alilitaja la baba mkwe wake akiwa ameuelekea ukuta. Mwingine alilitaja akakimbia kabla ya kuulizwa la pili. Watoto wa Muyobe wakapona wote asubuhi moja, na wazee wakaugua, na Selestini akaondoka na boti la mchana akiwa na furaha isiyofaa kwa mtu mwenye habari za wagonjwa wengi kiasi kile.

Hakuna aliyerudishwa milimani. Dismasi alipokuja likizo na kusimuliwa alitaka kukasirika, akamtazama baba yake, akaona haina maana. Lakini Klementina hakutaka wanawake wengine wapitie jasho lile. Yeye ndiye aliyewafundisha namna mpya: kopo la baba mkwe wangu ulibebe wewe, la wako nilibebe mimi. Kila mmoja alifika barazani na kulitaja jina bila taabu, maana lilikuwa la mkwe wa mwenzake, na aliyebeba ndiye aliyesema kama mratibu alivyotaka. Wakawa wanapita njiani wawili wawili, wanapiga soga. Pastory aliona mambo hayo akaiomba kamati imsaidie, na Klementina akawa mtu wa zahanati: alipokea makopo, aliuliza umri, na kila asubuhi aliwaita wagonjwa kwa majina waje kwenye dawa.

Boti lilisubiri kidogo. Vijana waligonga misumari na mzee akakaa pembeni akiwatukana kwa mapenzi, na kamati haikumtafuta fundi mwingine. Muda si mrefu alirudi na nyundo yake, na watu walioisikia walijua inagonga misumari tu.

Ila jina lile Klementina hakulitaja tena. Mara moja ilimtosha. Kila asubuhi barazani aliita wagonjwa mmoja mmoja, na alipofika kwenye mstari wa baba mkwe wake alinyamaza tu. Katika kimya hicho mzee aliinuka kwenye benchi.

"Naam!"

Na wote barazani wakacheka, na yeye akaenda kuchomwa, na baadaye, sindano zilipokwisha, akaenda kuchukua vidonge vyake. Ikawa hivyo masika na kiangazi, na masika tena. Watu waliopita njia walisikia majina, kimya, kisha naam.

Mpaka asubuhi moja Klementina aliita kama kawaida, akafika pale, akanyamaza. Kimya kikaendelea. Watu wakatazamana. Pastory, aliyekuwa ametoka safarini Kigoma usiku uliopita, akatoa kichwa mlangoni kwa wasiwasi.

"Huyo wa hapo yuko wapi?"

Klementina alijaribu kujibu kwa sauti ya kazi, akashindwa kuzuia kicheko.

"Yuko ziwani analijaribu boti," alisema. "Jibu la kopo la mwisho lilikuja jana. Baba amepona."